Mikahawa Iliyohama Bila Kusogea

Leo tuangalie historia ya safu moja tu kwenye hifadhidata: msimbo wa biashara. Msicheke, safu hii inaweza kupotosha mpango wa barabara za mji mzima.

Miaka ya 1930 idara za serikali ya Marekani zilikuwa zikihesabu biashara kila moja kwa mtindo wake. Ndipo ukaundwa mfumo mmoja wa misimbo, SIC, uliofikia tarakimu nne. Ulitungwa wakati viwanda ndivyo vilivyokuwa roho ya uchumi, na ulirekebishwa mara ya mwisho mwaka 1987. Humo wauzaji wa programu za kompyuta walikuwa kikapu kimoja na kampuni za walinzi na za kusafisha majengo!

NAFTA ilianza 1994, na mwaka 1997 Marekani, Kanada na Meksiko zikaleta mfumo wa pamoja, NAICS, wenye tarakimu sita. Programu zikapata makao katika sekta mpya ya habari, namba 51. Mikahawa nayo, ambayo SIC iliihesabu pamoja na maduka ya rejareja, ikapelekwa sekta ya 72 pamoja na hoteli.

Sasa hapo ndipo wapangaji wa uchukuzi wanapoingia. Wao hugawa mji katika kanda na kukadiria safari kwa kuangalia ajira za kila kanda. Kazi moja ya dukani huvuta safari nyingi kuliko ya kiwandani, kwa sababu wateja huja pia.

Tuchukue mfano wa kubuni: kanda yenye wafanyakazi 400 wa maduka na 300 wa mikahawa. Kwa SIC, rejareja ni 700. Kwa NAICS, ni 400. Hakuna aliyefutwa kazi, watu wanakula palepale, lakini modeli ya zamani inaona safari zimepungua.

Mtu atasema, si ubadilishe misimbo kwa jedwali? Haitoshi. Msimbo mmoja wa SIC unaweza kugawanyika kuwa kadhaa, kwa hiyo lazima urudi kwenye kila biashara au ugawe kwa makadirio, kisha upime modeli upya. Hata takwimu za ajira za robo mwaka zilipohamia NAICS kwa data ya 2001, ilibidi miaka ya nyuma hadi 1990 ikokotolewe upya.

Na kazi haijaisha. NAICS hurekebishwa kila miaka mitano. Toleo la 2022 liliondoa kundi la maduka ya mtandaoni na kuyapanga kwa bidhaa zao, pamoja na maduka ya mtaani. Lakini duka la mtaani huvuta wateja, na la mtandaoni huvuta magari ya mizigo.

Basi waandishi wenzangu wa programu, kando ya kila msimbo hifadhini mwaka wa toleo lake, pamoja na maelezo ya biashara yenyewe. Namba pekee haisemi ilimaanisha nini siku ilipoandikwa.