Mlima, Ng'ombe na Barua

Wahenga wetu walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Ni neno la busara kwa watu wanaokutana njiani, kwa kuwa njia ina kando na mtu ana miguu. Lakini nchi haina miguu. Mtu aweza kuhama mtaa akamwepuka jirani mkorofi, nchi haihami. Basi nchi ndogo impishe jirani yake mkubwa ielekee wapi? Jibu moja lapatikana katika historia ya Lesotho, nchi iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini.

Mwasisi wa taifa hilo ni Moshoeshoe wa Kwanza, aliyezaliwa yapata mwaka 1786. Katika miaka ya 1820 vita na njaa vilizitawanya jamii nyingi za kusini mwa Afrika. Mwaka 1824 Moshoeshoe aliwahamishia watu wake Thaba Bosiu, maana yake Mlima wa Usiku, ambao juu ni tambarare yenye maji na malisho, na kingo zake ni majabali. Huko aliwapokea wakimbizi wa koo mbalimbali, akawapa hifadhi na ng'ombe, hata wakawa taifa moja.

Mlima ulikuwa ngome yake. Lakini zaidi ya mlima alikuwa na maarifa ya kumwachia adui njia ya kuondokea bila aibu. Mwaka 1831 jeshi la Mzilikazi liliushambulia mlima huo likashindwa. Yasimuliwa kwamba Moshoeshoe alilipelekea ng'ombe lilipokuwa likirejea kwao, akasema kuwa bila shaka njaa ndiyo iliyolileta. Aliyeshindwa vita akarudi na kitoweo badala ya kisasi.

Mwaka 1852 Gavana wa Kiingereza wa Rasi, George Cathcart, alimtoza faini ya ng'ombe 10,000 na farasi 1,000, na muda aliompa ulikuwa siku chache tu. Moshoeshoe akapeleka ng'ombe 3,500. Tarehe 20 Desemba jeshi la Gavana lilivuka mto kuja kuzitwaa mali zilizosalia. Liliteka ng'ombe wengi, lakini katika nyanda za Berea lilipambana na wapanda farasi wa Kisotho, likapoteza askari wake. Usiku ule Moshoeshoe aliandikisha barua. Hakujisifu hata kidogo. Alimwambia Gavana kuwa ameonyesha nguvu zake, ameadhibu, amechukua ng'ombe. Basi na yatosha, kuwe na amani. Cathcart, ambaye hakuwa ameshinda, alipata sababu ya kuondoka kama mshindi. Akaondoka. Sisi tuliozeeka katika kazi ya majalada twajua kuwa barua iliyoandikwa kwa wakati wake yaweza kufanya kazi ya kikosi kizima. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Haya yalimrudisha nyoka kwao.

Hata hivyo, tusidanganyane. Busara haikuokoa kila kitu. Makaburu wa Orange Free State walitaka ardhi, na mwenye kutaka ardhi haridhiki kwa heshima. Baada ya vita vya 1858 na vile vilivyoanza 1865, mkataba wa 1866 uliwanyang'anya Wasotho sehemu kubwa ya mashamba yao. Moshoeshoe, mzee sasa, akaomba ulinzi wa Uingereza, akaupata tarehe 12 Machi 1868. Alichagua bwana wa mbali ili asimezwe na jirani wa karibu. Mwaka uliofuata mpaka ulikatwa, na ardhi yenye rutuba iliyo magharibi ya mto Caledon haikurudi. Mwaka 1870 akafariki.

Bwana wa mbali naye ana gharama zake. Mwaka 1871 Uingereza iliikabidhi nchi hiyo kwa serikali ya Rasi. Serikali hiyo ilipotaka kuwanyang'anya Wasotho bunduki zao mwaka 1880, walikataa, wakapigana, na mwaka 1884 nchi ikarudishwa chini ya Uingereza moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, Lesotho ilikuwa nje yake. Ikapata uhuru tarehe 4 Oktoba 1966.

Uhuru haukuihamisha nchi. Mwaka 1980 Lesotho iliungana na nchi nyingine nane, Tanzania ikiwamo, kuunda umoja wa kupunguza kuitegemea Afrika Kusini kiuchumi. Desemba 1982 askari wa Makaburu waliingia Maseru usiku wakaua watu 42, wakimbizi pamoja na wenyeji. Januari 1986 mipaka ilibanwa, bidhaa zikaadimika, na serikali ikapinduliwa. Oktoba mwaka huohuo mkataba ulitiwa saini wa kuuza maji ya milima ya Lesotho kwa jirani huyo. Ni kweli kwamba mkataba ule ulifanywa wakati mkono ungali kooni. Lakini ni kweli pia kwamba mwenye nguvu alikuwa na kiu, na mnyonge ndiye mwenye kisima.

Hilo ndilo funzo. Nchi ndogo haina budi kujua mambo matatu: mlima wake ni upi, jirani ana haja ya nini kwake, na neno gani litamwezesha mkubwa kurudi nyuma bila kuaibika. Asiyejua haya, hata apishe mara mia, atakanyagwa.