Uchunguzi wa saratani mjini Kigali: karatasi husomwa, je, huelewekaje?

Mwanamke anayetoka katika kituo cha afya mjini Kigali na majibu ya kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi huwa amebeba maneno machache tu: jina la kipimo, neno moja la majibu na tarehe ya kurudi. Maneno hayo yakieleweka vibaya, kipimo kilichofanywa vizuri hakimfaidi. Anayepaswa kurudi kwa matibabu hubaki nyumbani akidhani yu salama, na aliye salama hukosa usingizi akidhani amekwisha.

Mnamo Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua mkakati wa kuitokomeza saratani hiyo. Ifikapo 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kabla ya miaka 35 na tena kabla ya miaka 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Rwanda imejiwekea mwaka 2027 kuwa ndio wa kuyafikia malengo hayo. Lengo la pili ndilo gumu zaidi kulifikia bila maelezo mazuri. Msichana huchanjwa shuleni pamoja na wenzake, lakini mwanamke wa miaka 35 asiyeumwa popote ni lazima ashawishike kwamba ana sababu ya kwenda kupimwa.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Nyamirambo na Biryogo, na kwa waliotoka mashariki ya Kongo, kikwazo cha kwanza ni lugha yenyewe. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, lakini maelezo ya afya kwa kawaida huandikwa kwa Kinyarwanda, na mambo ya maabara kwa Kiingereza au Kifaransa. Anayezungumza Kinyarwanda cha sokoni bila taabu anaweza kukwama kwenye maneno "inkondo y'umura", yaani shingo ya kizazi.

Tafsiri pekee haimalizi tatizo. Neno "uchunguzi" ndilo lile lile linalotumika kwa kazi ya polisi, na humfanya msomaji ahisi kwamba tayari ameshukiwa kuwa mgonjwa. Maana inayokusudiwa ni kinyume chake: kumpima asiye na dalili yoyote, ili mabadiliko yaonekane kabla hayajawa saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, na ndiyo maana kipimo kina faida.

Kisha kuna "chanya". Katika mazungumzo ya kila siku, jambo chanya ni jambo jema, lakini kwenye karatasi ya majibu huwa na maana ya kwamba kilichokuwa kikitafutwa kimeonekana. Hata hapo, chanya katika kipimo cha virusi vya HPV si saratani. Maambukizi mengi ya virusi hivyo huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka 2 hivi, na yanayobaki ndiyo ya kufuatiliwa. Hatari nyingine imo katika herufi zenyewe: HPV na HIV hutofautiana kwa herufi moja tu, na karatasi hufika nyumbani, ambako mume au mama mkwe huenda akaisoma kabla ya mwenyewe kueleza. Ndoa inaweza kuyumba kwa herufi moja. Karatasi inayotaja HPV bila kusema wazi kwamba si virusi vya UKIMWI ina kasoro kubwa, hata kama kila sentensi yake ni sahihi.

Wataalamu wa nchi za Magharibi hupima ugumu wa maandishi kwa kanuni za hesabu, kama ile ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, inayotegemea urefu wa sentensi na idadi ya silabi katika maneno. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza na hazifai kwa lugha za Kibantu. "Hawatachunguzwa" ni neno moja lenye silabi 6, na halimsumbui mtoto wa shule ya msingi. "HPV" ina herufi tatu tu, nayo humshinda mtu mzima.

Kipimo kinachofaa zaidi hakihitaji hesabu. Muuguzi akishaeleza, humwomba mgonjwa arudishe maelezo kwa maneno yake: "Mama, ukifika nyumbani utamwambiaje mzee kuhusu majibu haya?" Jibu likipotoka, anayeeleza ndiye aliyekosea, naye huanza upya kwa njia nyingine. Namna hii humfaa hata asiyejua kusoma. Huonyesha pia maneno yanayosaidia: kipimo cha kupaka asidi ya asetiki huingia akilini mara moja kinapoitwa kipimo cha siki, kwa kuwa siki imo jikoni na kila mpishi anaijua.

Suala hili litawagusa karibuni wanawake wengi ambao hawajawahi kupimwa. Mwaka 2011 Rwanda ilianza kuwachanja nchi nzima wasichana wa darasa la sita dhidi ya HPV, ikitangulia nchi nyingine za Afrika, na zaidi ya asilimia 90 ya waliolengwa walifikiwa. Waliokuwa na miaka 12 wakati huo watatimiza 30 mwaka 2029, umri ambao WHO inashauri wanawake kwa jumla waanze kupimwa. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI hushauriwa kuanza wakiwa na miaka 25. Chanjo waliyopata hukinga dhidi ya aina mbili za virusi zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Aina zilizobaki bado zinahitaji kipimo, na kadi ya chanjo waliyopewa wakiwa shuleni haiwaondolei haja hiyo.