Mikono Inayougusa Ugonjwa: Wahudumu wa Afya na Swali la Kinga

Usharika unapotimiza miaka 100, ni desturi njema kuwakumbuka wachungaji, wainjilisti na wazee wa Kanisa waliotutangulia. Katika sura hii tunawakumbuka wengine ambao hutajwa kwa nadra katika vitabu vya namna hii: waganga, wauguzi na watumishi wa wodi, ambao wito wao huwaweka karibu na maradhi kuliko watu wengine.

Swali la hatari yao si geni kwetu Walutheri. Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala wa Saxony akamwagiza Martin Luther aondoke. Luther alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen, na nyumba yake ikapokea wagonjwa ingawa mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Mwaka huohuo aliwajibu wachungaji wa Breslau waliouliza iwapo Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Alifundisha mambo mawili yasiyotengana: mwenye wajibu kwa wagonjwa asiwaache, na anayedharau dawa na tahadhari humjaribu Mungu, tena aweza kuwa sababu ya kifo cha jirani yake.

Afrika Mashariki ililishuhudia fundisho hilo mwaka 2000 katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu, Uganda. Wanafunzi wa uuguzi walipoanza kufa kwa ugonjwa usiojulikana, Dkt. Matthew Lukwiya alitambua dalili za Ebola, akatenga wodi maalumu hata kabla vipimo havijathibitisha. Wahudumu walivaa magauni, barakoa na glovu, lakini kadhaa wao walifariki. Wenzao walipotaka kuacha kazi kwa hofu, aliwaeleza kwamba yeye atabaki. Inaaminika aliambukizwa alipomhudumia muuguzi mwenzake aliyekuwa mahututi, akiwa hakuvaa miwani ya kukinga macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Kati ya wagonjwa 425 wa mlipuko huo, 224 walifariki. Upendo wa daktari huyu haukupungua hata kidogo. Kilichokosekana kilikuwa kifuniko cha macho.

Miaka 20 baadaye dunia nzima ilipewa somo hilohilo. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 huenda walifariki duniani kutokana na ugonjwa huo. Wengi walidhani kwamba aliyekwisha kuugua amepata kinga ya kudumu. Sivyo ilivyokuwa. Kinga itokanayo na kuugua, na hata ile ya chanjo, hupungua kadiri muda unavyopita. Na kirusi cha aina ya Omicron, kilichotangazwa Novemba 2021, kiliwaambukiza wengi waliokwisha kuugua au kuchanjwa. Hata hivyo chanjo iliendelea kupunguza ugonjwa mkali na vifo. Ndiyo maana, chanjo ilipozinduliwa nchini mwetu tarehe 28 Julai 2021, wahudumu wa afya waliwekwa miongoni mwa makundi ya kwanza.

Basi, historia inatufundisha kwamba mhudumu hakingwi na ujasiri wake, wala na uzoefu wake, wala na ugonjwa aliowahi kuugua. Hukingwa na mambo mengi madogo yanayofanyika kwa pamoja: maji na sabuni, glovu, barakoa, miwani, chanjo, chumba cha kutengea wagonjwa, na muda wa kupumzika. Mambo hayo hugharimu fedha, na hapo ndipo wajibu wa washarika unapoanza. Tunapotoa sadaka kwa ajili ya zahanati na hospitali za Kanisa letu, tusihesabu vitanda na madawa ya wagonjwa pekee. Tuihesabu pia mikono inayowagusa. Kuwaombea wauguzi bila kuwapa glovu ni sala iliyoachwa nusu njia.

Mungu awape pumziko waliolala wakiwa kazini, na atujalie sisi tulio hai kuwalinda wanaotuhudumia leo.