Perege: Ukuaji na Uzazi

Perege (jenasi Oreochromis) ni samaki wa maji baridi anayefugwa sana katika mabwawa ya Machakos, Kenya. Mto Athi una perege wake wa asili, O. spilurus, lakini wafugaji hupendelea perege wa Nile, O. niloticus.

Chakula anachokula samaki hugawanywa kati ya kukuza mwili na kutengeneza mayai. Jike la perege hugharimika zaidi: huatamia mayai mdomoni, na siku hizo hula kidogo sana au hali kabisa. Hiyo ni sababu mojawapo ya dume kumpita kwa ukubwa. Katika maziwa makubwa ya Afrika Mashariki perege wa Nile hukomaa akiwa na gramu 350 hadi 500. Bwawani, akidumaa kwa msongamano, huweza kutaga akiwa chini ya gramu 20. Mfugaji hubaki na maji yaliyojaa vifaranga visivyouzika, huku chakula kikilaumiwa bure kwa hasara hiyo. Dawa yake ni kufuga madume matupu, au kuchanganya na kambare wanaokula vifaranga.

Baharini dume huweza kuwa mkubwa kwa sababu nyingine: chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa.