Jinsi ya kukokotoa moli kwa mlinganyo uliosawazishwa

MOLI ni kipimo ambacho wanakemia hutumia kuhesabu chembechembe, jinsi muuza mayai anavyohesabu kwa trei. Moli moja ya dutu yoyote huwa na chembechembe 6.022 × 10²³. Idadi hii huitwa nambari ya Avogadro, kwa heshima ya mwanasayansi wa Italia, Amedeo Avogadro (1776-1856).

Kwa kuwa chembechembe hizo hazihesabiki kwa mkono, hupimwa kwa mizani. Uzani wa moli moja, kwa gramu, hupatikana kwa kujumlisha uzani wa atomi zote zilizomo. Moli moja ya maji (H₂O), kwa mfano, ni 1 + 1 + 16, yaani gramu 18.

Mlinganyo uliosawazishwa nao hueleza uwiano wa moli za dutu zinazohusika. Mfano mzuri ni magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Yanapochomwa tanurini, hutoa mvuke wa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi, kisha hubaki sodiamu kaboneti, ambayo ni malighafi muhimu ya kutengenezea vioo:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + 5H₂O + CO₂

Je, gramu 565 za magadi safi zitatoa gramu ngapi za sodiamu kaboneti? (Na = 23, C = 12, O = 16, H = 1)

Hatua ya kwanza: Geuza gramu kuwa moli. Moli moja ya magadi ina uzani wa gramu 226. Hivyo, 565 ÷ 226 = moli 2.5.

Hatua ya pili: Tumia uwiano. Moli 2 za magadi hutoa moli 3 za sodiamu kaboneti. Hivyo, 2.5 × 3 ÷ 2 = moli 3.75.

Hatua ya tatu: Rudisha moli ziwe gramu. Moli moja ya sodiamu kaboneti ni gramu 106. Hivyo, 3.75 × 106 = gramu 397.5.

Wanafunzi wengi huteleza katika hatua ya pili. Anayepuuza nambari zilizotangulia fomula hupata 2.5 × 106, yaani gramu 265 pekee. Katika mtihani, kosa hilo humpokonya alama. Kiwandani, ambako hesabu ni ya tani, lingemaanisha tani 132.5 za bidhaa kutoonekana katika makadirio ya kila tani 565 za magadi.

Njia ya kujihakikishia ni kanuni aliyoieleza Antoine Lavoisier wa Ufaransa mnamo 1789, kwamba uzani haupotei. Hapa maji ni gramu 112.5 na kaboni dayoksaidi gramu 55. Ukijumlisha na 397.5, unapata 565 kamili. Jumla isipolingana, rejea hatua ya pili kabla ya kukabidhi karatasi.