Difu ya lori: inavyofanya kazi na dalili za kuharibika

Difu imo katika ekseli ya nyuma. Hupokea mzunguko wa giaboksi kupitia propela shafti, huugeuza nyuzi 90 kuelekea magurudumu, hupunguza kasi na kuongeza nguvu.

Uwiano wa meno
Gia ndogo, yaani pinioni, huzungusha gia kubwa ambayo mafundi huiita kraunwili. Pinioni ikiwa na meno 8 na kraunwili 37, propela huzunguka mara 4.6 kwa kila mzunguko mmoja wa kraunwili. Uwiano mkubwa hufaa mizigo mizito na milima kama Kitonga mkoani Iringa. Uwiano mdogo huokoa mafuta kwenye tambarare.

Kwenye kona
Ikiwa nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ni mita 1.8, kwenye kona ya nyuzi 90 gurudumu la nje hutembea karibu mita 2.8 zaidi ya la ndani. Gia ndogo zilizo katikati ya kraunwili huruhusu tofauti hiyo. Bila hizo tairi lingeburuzwa na kulika upesi.

Loki ya difu
Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa pande zote. Gurudumu moja likiteleza kwenye tope, hata lililo pakavu hupata nguvu kidogo tu, na lori hukwama. Loki huunganisha pande mbili zizunguke pamoja. Ifungwe lori likiwa limesimama, kamwe isifungwe tairi likizunguka bure. Ifunguliwe mara lori linapofika ardhi ngumu.

Kununua difu iliyotumika
Lori lenye ekseli mbili za kuvuta huwa na difu nyingine ya kugawa nguvu kati yake. Uwiano wa ekseli zote mbili lazima ulingane, na matairi yawe ya saizi moja. La sivyo, difu hiyo ya kati hufanya kazi hata barabara ikinyooka, hupata joto na kuungua. Mnunuzi ahesabu meno kabla ya kulipa; mara nyingi idadi imegongwa kwenye kraunwili.

Dalili za hatari
- Mvumo unaobadilika dereva akikanyaga au kuachia mafuta: kraunwili, pinioni au beringi zimelika.
- Mgongo wa chuma lori linapoanza kuondoka: meno yamelegea.
- Vipande vya chuma kwenye oili: difu ifunguliwe kabla ya safari.
- Oili kuvuja kwenye sili: kagua kwanza tundu la kupumulia. Likiziba, presha husukuma oili nje, nayo inaweza kufika kwenye breki.

Difu nyingi za malori hutumia oili ya daraja la GL-5. Oili ya injini haifai kuwekwa mahali pake.