Kumlalamikia jaji: mlango uliochelewa kufunguliwa



Juzi hapa Birmingham kanijia jamaa yangu na barua ya kurasa sita. Kashindwa kesi ya madai, na barua nzima inamlaumu jaji: hakuwaamini mashahidi, hakusoma risiti. Mwishoni, mstari mmoja tu, kaandika kwamba jaji alimkejeli kwa lafudhi yake. Nikamwambia, bwana wee, huo mstari ndio malalamiko. Mengine yote ni rufaa.

Waingereza wana milango miwili. Hukumu hukatiwa rufaa, kwa kawaida ndani ya siku 21 katika kesi za madai. Mwenendo wa jaji hulalamikiwa kwenye ofisi yake maalumu, ndani ya miezi mitatu. Lakini mlango huu wa pili ni mpya. Kwa sheria ya 1701, jaji wa ngazi ya juu huondolewa kwa ombi la mabunge yote mawili, na aliyeondolewa hivyo ni mmoja tu: Jonah Barrington wa Ireland, mwaka 1830, kwa kula fedha za mahakama. Ofisi ya kupokea malalamiko ya raia ilianza 2006!

Na kwetu je? Katiba ya zamani ya Kenya ilimwachia Jaji Mkuu kumshauri Rais kwamba jaji wa Mahakama Kuu achunguzwe. Mwananchi hakutajwa. Katiba ya 2010, ibara ya 168, ikamruhusu mtu yeyote kuiandikia Tume ya Utumishi wa Mahakama, mradi aeleze mambo yaliyotendeka.

Mtihani haukukawia. Tarehe 31 Desemba 2011, mlinzi wa kike katika duka la Village Market, Nairobi, alilalamika kwamba Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza alimbana pua na kumtishia kwa bastola. Tume ikachunguza, likaundwa jopo chini ya Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Agosti 2012 jopo likapendekeza aondolewe, Oktoba akajiuzulu. Mlinzi hakuwa na wakili mashuhuri wala kurasa sita. Alikuwa na tendo, mahali na siku.

Basi barua ya jamaa yangu tumeiandika upya: nusu ukurasa, tarehe, maneno aliyoambiwa, nani alikuwepo. Jibu tunalingoja. Rufaa, masikini, haipo tena. Siku 21 zilimwishia akiandika zile kurasa sita.

Naomba kuwasilisha.